Dirisha la Lacock: siku nne, mkanda mmoja, picha 12

Jumatano, Reading

Kamera ni ya marehemu baba. Yashica ya kuchungulia kwa juu, ile unayoishika tumboni kama bakuli la uji, ukainamisha kichwa, na unayempiga picha akadhani unamwombea dua. Mkanda wake unatoa picha 12 tu. Nimenunua mmoja, makusudi. Mikanda huku bei yake inauma, na pia nilitaka safari hii niwe bahili kama alivyokuwa yeye. Baba alikuwa na studio Ngamiani, Tanga: chumba cha mbele chenye pazia lililochorwa ndege ya abiria, na kijichumba cha giza nyuma chenye taa nyekundu. Sikumbuki kumwona akimpiga mtu picha mbili pale moja ilipotosha. "Vuta pumzi. Tulia. Tayari." Anayefuata.

Nimefikia kwa dada yangu, hapa Reading, Uingereza. Safari yenyewe, ya kijiji cha Lacock, ni kesho, lakini leo asubuhi nilimwomba anipeleke Baker Street, mtaa ambao ameupita miaka tisa akienda kazini bila kujua una nini. Kusema kweli hauna kitu cha kuonekana. Nyumba za matofali zilizoshikana, mapipa ya taka, baiskeli iliyofungwa kwa mnyororo. Lakini kuanzia 1844 mpaka 1847 palikuwa na karakana hapa ya kutoa kopi za picha kwa wingi, ya kwanza ya aina yake. Aliyeiendesha ni Mholanzi, Nicolaas Henneman, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa nyumbani wa bwana mmoja wa mkoa wa Wiltshire aitwaye William Henry Fox Talbot. Bwana alivumbua njia ya kutoa picha kwenye karatasi, mtumishi akachungulia, akajifunza, akatoka kwenda kufungua kazi. Hadithi hiyo Tanga tunaijua. Nusu ya wapiga picha wa mji wetu walianza kwa kufagia studio ya mtu.

Umeme haukuwepo. Karatasi ilibanwa kwenye fremu pamoja na negativu, ile picha ya kwanza iliyogeuka weusi na weupe, ikaanikwa juani kama dagaa, na jua ndilo lililochapa. Siku ya mawingu hakuna kazi, na huku Uingereza siku ya mawingu ndiyo siku. Hata hivyo walitoa maelfu ya kopi, zikiwemo zile za kitabu cha Talbot mwenyewe, cha kwanza kuuzwa kikiwa na picha za kamera, kila picha imebandikwa kwa gundi na mkono wa mtu.

Nikapiga picha ya 1: ukuta, pipa, dada yangu akiangalia saa.

Jioni mtoto wa dada, ana miaka sita, akaja mbio. "Mama mdogo, nionyeshe!" Nikampa kamera. Akaigeuza nyuma kutafuta kioo, akaipindua chini, akaifuta kwa kiganja. Akanirudishia kwa huruma. "Imekufa."

Alhamisi, Lacock

Treni ya magharibi kutoka Reading, unaipita Swindon, unashuka Chippenham. Nimepanga chumba hapo Chippenham kwa sababu vyumba vya kijijini vina bei ya watu wa fungate. Kutoka hapo ni basi, kama kilometa tano kuelekea kusini, vichaka pande zote mbili vikikwaruza vioo, halafu dereva akasema jina la kijiji kwa matamshi ambayo nisingeyajua kama nisingekuwa nimekaa karibu naye: "Leikok."

Ni mitaa minne iliyokutana ikafanya kisanduku. Ukianza kuizunguka chai ikiwa ya moto, unarudi bado inanyweka. Nyumba za mawe ya rangi ya asali, nyingine za mbao zilizopinda na kujazwa matofali, paa zimebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Nyingi zina miaka mia tatu au zaidi. Nilisimama barabara kuu nikajua kuna kitu kimepungua, ila nisijue ni nini. Mpaka nilipoinua macho: hakuna nyaya. Hakuna nguzo ya umeme, hakuna antena mapaani, hakuna dishi hata moja. Umeme upo, umefichwa. Mtoto wa Ngamiani, ambaye mbingu ya utotoni kwake ilikuwa imefumwa kwa nyaya kama utando wa buibui, nikahisi kana kwamba mtaa umevuliwa nguo. Picha ya 2.

Kinachonishangaza kuliko nyumba ni mwenye nyumba. Karibu kijiji kizima ni mali ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe si mtu bali ni National Trust, shirika la hifadhi lililoanzishwa 1895. Watu wanaoishi humu ni wapangaji. Bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia maua mlangoni alinieleza bila kuulizwa sana: amepanga zaidi ya miaka thelathini, rangi ya mlango hajichagulii, na watalii humchungulia dirishani wakidhani ni makumbusho. "Kuna aliyeingia mpaka jikoni," akasema. "Nikamuuliza, mama, nikupikie?" Nikamwambia kwetu mpangaji akikaa miaka thelathini anaanza kujiita mwenye nyumba. Akacheka, akasema hata hapa, ila kimoyomoyo.

Kabla ya shirika, mwenye kijiji alikuwa mwenye jumba. Huko mwisho wa mtaa, nyuma ya miti, liko jumba la Lacock Abbey, na kwa miaka mia nne nyumba hizi zote, na mashamba yanayozizunguka, zilikuwa za ukoo wa huko. Kabla ya ukoo, zilikuwa za watawa. Kijiji hiki hakijawahi kuwa cha wanakijiji. Hilo ndilo lililokihifadhi, sijui nilifurahie au nilisikitikie. Kodi ikienda kwa mmoja, na mmoja huyo hapendi kubomoa, mtaa unabaki.

Nikazurura. Kuna ghala la zaka la karne ya 14, ambamo watu waliweka fungu la kumi la abasia: nafaka, ngozi, manyoya ya kondoo. Kondoo ndio waliojenga hapa. Sufu na ufumaji ndivyo vilivyoleta pesa, na barabara ya kutoka London kwenda Bath na Bristol ikaleta wateja. Mbavu za mbao za ghala zimejipinda juu ya kichwa chako kama jahazi lililogeuzwa kifudifudi, na mtu wa Tanga akiingia anatafuta omo na tezi bila kupenda.

Pembeni ya ghala kuna kijumba cha mawe chenye kuba na mlango mmoja, dirisha hakuna. Wenyewe wanakiita nyumba kipofu. Walevi walifungiwa humo walale pombe iwatoke. Picha ya 3.

Mkahawa wa George una zaidi ya miaka mia sita, na kwenye meko yake bado kuna gurudumu la mbao lililofungwa ukutani. Mbwa mdogo mwenye miguu mifupi aliwekwa ndani ya gurudumu akakimbia, gurudumu likazungusha mshikaki wa nyama motoni. Mbwa anakimbia, nyama inazunguka mbele ya pua yake, na hafiki. Nilitaka kupiga picha lakini mwanga haukutosha, na baba angesema usimwage mkanda gizani. Nikala mkate na jibini, nikamfikiria yule mbwa.

Jioni nikakosa basi la mwisho. Ratiba niliisoma vizuri, kosa langu ni kukaa kwenye daraja dogo la mawe la farasi wa mizigo, pale kijito kinapopita juu ya barabara na magari yakivuka kwa kujitosa majini. Mwanga wa saa moja jioni ya Agosti ulikuwa umelala juu ya maji kama siagi. Picha ya 4, kisha nikakaa tu. Nilitembea mpaka Chippenham kwa miguu, nikapita njia ya mkato waliyonionyesha, nikashika mmea fulani wa pembezoni unaowasha kama mdogo wake upupu. Nimelala mkono ndani ya beseni.

Ijumaa, jumbani

Leo ndiyo siku yenyewe.

Kwa msomaji wa Tanzania abasia si neno geni, wenye ndugu Ndanda na Peramiho wanalijua. Hii ya Lacock ilikuwa ya watawa wa kike, na aliyeianzisha ni mwanamke: Ela, bibi mkubwa wa Salisbury, mjane. Mumewe William Longespée alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa Mfalme Henry wa Pili. Alipofariki mwaka 1226, Ela hakuolewa tena. Alishika cheo cha sherifu wa Wiltshire, mwakilishi wa mfalme mkoani, kazi ya wanaume, kisha akaanzisha nyumba mbili za ibada, moja ya wanawake hapa Lacock na moja ya wanaume huko Hinton. Inasimuliwa kwamba jiwe la msingi la hapa liliwekwa asubuhi, na la Hinton mchana wa siku hiyohiyo mwaka 1232. Baadaye akaingia mwenyewe utawani akawa mama mkuu. Mwanamke wa kuogopwa.

Watawa walidumu miaka mia tatu na kidogo. Mwaka 1539 Mfalme Henry wa Nane, aliyekuwa akifunga nyumba za watawa nchi nzima na kuchukua mali, akafika na hapa. Mwaka uliofuata bwana William Sharington akanunua kwa pauni 783. Akabomoa kanisa la watawa, ila ukumbi wa mraba wa kutembelea wakisali akauacha, pamoja na vyumba vya chini, akajenga nyumba juu yake. Ndiyo maana jumba hili ni la ajabu: chini ni utawa, juu ni utajiri. Unatoka kwenye matao ya mawe yenye nyuso na wanyama waliochongwa darini, unapanda ngazi, unakuta mapazia ya hariri. Sharington mwenyewe alikuwa mwizi wa daraja la juu. Alisimamia kiwanda cha sarafu Bristol, akazipunja sarafu za mfalme, mwaka 1549 akahukumiwa, akasamehewa, akalipa, akarudishiwa mali. Mnara wake wa pembe nane bado umesimama.

Kuna hadithi ya mnara huo ambayo wahudumu hawachoki kuisimulia. Olive, binti wa ukoo wa Sharington, alimpenda John Talbot, baba yake hataki. Usiku mmoja akazungumza naye kutoka juu, akamwambia narukia kwako, na akaruka kweli. Upepo ukajaza sketi zake akateremka taratibu, akamwangukia kijana akazimia. Baba mtu akaona heri awaoze. Ukweli wake siuthibitishi, lakini hivyo ndivyo jina la Talbot lilivyoingia jumbani, kwa ndoa.

Nikapita haraka. Kwenye chumba cha kuotea moto kuna chungu cha shaba nyeusi kilichosubuliwa Mechelen, Ubelgiji ya leo, mwaka 1500, ambacho ungekipikia pilau ya mtaa mzima. Katika ukumbi mkubwa, uliojengwa miaka ya 1750 na Sanderson Miller, kuta zimejaa sanamu za udongo ndani ya vijishimo vyao, na mojawapo ni mbuzi mwenye donge la sukari puani. Sukari ya kweli. Ilianza kama utani wa mgeni, sasa ni sehemu ya urithi. Sukari ya mbuzi inatunzwa. Nikalikumbuka hilo baadaye.

Katika ukumbi wa mraba wa watawa mwanga ulikuwa mzuri, nguzo zikatupa vivuli vya ngazi sakafuni. Picha ya 5.

Halafu nikapanda kwenye baraza refu la kusini.

Lazima niseme kwanza juu ya mtu mwenyewe. Talbot alizaliwa mwaka 1800, na baba yake akafa mtoto akiwa na miezi mitano tu, akiacha madeni. Jumba likakodishwa kwa watu wengine, mrithi akakulia majumbani mwa ndugu, na hakuja kuishi kwake mpaka 1827. Alisoma hesabu, mimea, nyota, mwanga. Uzeeni akawa miongoni mwa watu wanne waliojaribiwa mwaka 1857 kutafsiri maandishi yaleyale ya Kiashuri, kila mmoja kivyake, na tafsiri zikakaribiana. Kitu kimoja tu hakuweza: kuchora. Mwaka 1833, akiwa kwenye ziwa la Como huko Italia, alikuwa akijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kijichombo cha vioo, na penseli ikamwaibisha. Mkewe Constance alichora vizuri kuliko yeye. Hapo akawaza: mwanga wenyewe kwa nini usichore?

Jibu lake lilikuwa jikoni. Chumvi. Unaloweka karatasi nzuri ndani ya maji ya chumvi, unaikausha, unaipaka dawa ya fedha, na karatasi inakuwa inasawijika ikipigwa na jua. Akamwagiza seremala wa kijijini amtengenezee visanduku vidogo vya mbao, akavitia lenzi na vipande vya karatasi hiyo, akavitawanya nje na ndani ya nyumba, vikiwa vimekodoa macho nusu saa, saa nzima. Constance aliviita mitego ya panya. Mwezi Agosti 1835 mtego mmoja ulielekezwa kwenye dirisha la katikati la baraza hili. Ulichonasa ndiyo negativu ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani, kikaratasi cha ukubwa wa stempu. Talbot aliandika pembeni yake kwamba ilipokuwa mpya, vioo vidogo vya dirisha, karibu 200, viliweza kuhesabika kwa kutumia lenzi.

Nilikuwa nimebeba stempu ya nyumbani kwenye pochi. Nikainyoosha mbele ya dirisha, nikafumba jicho moja, dirisha lote likaenea nyuma yake.

Ni dirisha dogo. Nilitarajia kubwa. Limejitokeza nje kidogo, vioo vya umbo la almasi vimeunganishwa kwa madini ya risasi, na nje kuna majani na kondoo. Watu wanapita wakisema aa, ndilo hili, wanapiga kwa simu, wanaenda kutafuta choo. Mzee wa kujitolea aliyekaa kwenye kiti akaiona kamera yangu akasimama. Yeye pia alikuwa na chumba cha giza ujanani. Tukaulizana dawa. Nikamwambia utani wa studio yetu, na ikabidi nimfafanulie kila neno: ile dawa ya kugandisha picha isiendelee kusawijika, waliyoianza kuitumia mwaka 1839 kwa ushauri wa rafiki yake Talbot, mwanasayansi John Herschel, sisi tunaiita haipo, kutoka hypo ya Kiingereza. Basi kijana wa studio akitumwa dukani, baba anapiga kelele kutoka gizani: "Haipo ipo?" Na kijana anajibu: "Haipo haipo!" Mteja aliyekaa kwenye benchi anadhani wote wawili wamerukwa. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Herschel huyo ndiye pia aliyetupa majina ya negativu na picha yake chanya.

Sasa, ufundi wa yule Mfaransa, Daguerre, uliotangazwa Januari 1839 na kumfanya Talbot akimbilie London na makaratasi yake, ulikuwa mzuri zaidi kwa macho. Picha yake ilikaa kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, kali kama kioo. Lakini ilikuwa moja. Ukiipoteza, imepotea. Ya Talbot ilikuwa na ukungu, na nyuzi za karatasi zilionekana, lakini ilikuwa mama. Inazaa. Studio nzima ya Ngamiani ilikaa juu ya wazo hilo: mteja anachukua kopi tatu za pasipoti, mama anabaki na sisi.

Tukiwa wadogo tulipenda kumulika negativu dirishani. Mle ndani kila mtu aligeuka: kanzu nyeusi, nywele nyeupe, ngozi inang'aa kama mbalamwezi. Mama mmoja aliiona yake akasema, "Mbona mmenifanya Mzungu?" Hapo barazani, chini ya picha za mafuta za akina Talbot, nikajikuta nawageuza mmoja mmoja kichwani. Walipendeza.

Talbot alikata hataza mwaka 1841, na aliyetaka kufungua studio ya njia yake ilibidi alipe kibali. Watu walimchukia kwa hilo, na hatimaye mwaka 1854 mahakamani akashindwa kuwazuia waliotumia njia mpya ya vioo badala ya karatasi, akaachia. Baba, aliyenung'unikia kila leseni, angemnunia kwa muda. Kisha angemsamehe kwa ajili ya dirisha.

Mzee akaniuliza, na negativu za baba yako ziko wapi? Zilikuwa kwenye makopo ya biskuti, yamepangwa kwa mwaka. Watu walikuja hata baada ya miaka ishirini: mama amefariki, tunaomba kopi. Baba anapanda kwenye kigoda, anashusha kopo, anampata marehemu. Alipofariki yeye tukachelewa. Tulikuwa kwenye arobaini, tukahesabu kodi vibaya, na mwenye nyumba akasafisha chumba. Mwenye haki yake, kodi ilikuwa imepita. Makopo alimpa mtu akayatumia. Vilivyomo ndani vikaenda na takataka.

Mzee hakusema kitu. Akasogea akawazuia watu wawili waliotaka kupita mbele yangu, akafanya ishara ya mkono kwamba nina muda wangu.

Picha ya 6, ya 7, ya 8. Tatu za kitu kimoja. Baba anisamehe.

Nikatoka nje, nikalipiga kutoka upande wa nyasi, kuta zote na mnara wa Sharington, dirisha likiwa kama kitufe cha shati. Ya 9.

Jumamosi, Lacock mpaka Reading

Asubuhi ya mwisho nikaenda kanisani kwa St Cyriac. Hadithi yake haijapoa hapa kijijini. Walikuwa na kikombe cha fedha cha karne ya 15, kikombe cha mezani kwa tajiri fulani kabla hakijawa cha ibada, adimu mno kwa sababu vya aina hiyo vingi viliyeyushwa. Kanisa lilihitaji pesa za matengenezo. Mwaka 2013, baada ya mabishano mpaka mahakama ya kanisa, kikauzwa kwa pauni milioni 1.3 kwa British Museum pamoja na makumbusho ya Wiltshire kule Devizes. Kanisani wamebaki na nakala.

Na si kikombe tu. Jumba lilikuwa na nakala ya mwaka 1225 ya Magna Carta, ile hati ya haki ambayo wafalme wa Uingereza walibanwa waikubali. Mrithi wa mwisho, Matilda, mjukuu wa Talbot aliyeachiwa kila kitu na mjomba wake mwaka 1916, aliitoa kwa British Museum baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya hapo, mwaka 1944, alikuwa ameshatoa jumba na kijiji kizima kwa National Trust. Akatoa vyote. Hata ile negativu ya dirisha haiko hapa, iko kwenye hifadhi ya makumbusho ya sayansi ya taifa. Lacock, nilipokaa kwenye benchi la kanisa nikahesabu, ina dirisha, na ina kopi.

Nikakumbuka harusi ya Pangani, mwaka juzi. Tulikaribishwa sebuleni kwa watu tusiowajua, upande wa bwana harusi, na ukutani palikuwa na bibi amekaa mbele ya ndege ya abiria iliyochorwa, bawa limekatika pale pale lilipokuwa limekatika pazia letu. Niliishusha bila kuomba ruhusa. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio, wino wa zambarau. Mwenye nyumba akaniuliza kulikoni, nikasema tu kwamba pazia hilo nimelifua mimi.

Picha ya 10, ghala la zaka kutoka ndani, mlango wazi. Ya 11 ni kaburi la Talbot, kwenye makaburi ya kijiji. Alifia hapa hapa mwaka 1877. Jiwe la kawaida, nyasi, jua likitoka na kuingia mawinguni. Nilisubiri litoke, kwa heshima.

Basi safari hii nililiwahi nusu saa kabla. Yule bibi wa maua alipita na kikapu akanipungia mkono, kama mtu anayeaga mgeni wa mwenye nyumba.

Reading nilifika alasiri. Mtoto alikuwa mlangoni, magoti yana matope, jino la mbele limetoka tangu nilipoondoka. Mwanga wa mlangoni ulikuwa laini, wa upande mmoja, ule baba aliokuwa akiutafuta kwa kulivuta pazia la studio inchi kwa inchi. Nikamwambia simama hapo. Vuta pumzi. Tulia. Tayari.

Ya 12.

Nikazungusha mpini mpaka nikasikia karatasi imeachia. Nikaufungua mgongo wa kamera, nikautoa mkanda, nikalamba ule utepe wa gundi na kuubandika, ladha ileile ya stempu na vumbi niliyoonjeshwa nikiwa na umri wake.

"Nionyeshe."

"Bado. Mpaka zisafishwe."

"Lakini zimo humu?"

"Zimo."

Akauchukua mkanda kwa mikono miwili. Akaupeleka sikioni, akautikisa taratibu.

"Mbona wako kimya?"